Biti 24 za Nini? Kuchagua Chipu Inayogeuza Volti Kuwa Namba

Kwenye maghala ya mahindi ya Busia, mizani ya mshale inazidi kuondoka na nafasi yake inachukuliwa na ya kidijitali, ile yenye namba nyekundu zinazowaka. Ubishi wa uzito umebaki palepale. Karani anasema, "Mzee, mashine haidanganyi, jisomee mwenyewe." Mzee anajibu kwamba gunia hilohilo lilipimwa kijijini asubuhi likasoma zaidi. Pembeni kuna kipima unyevu kinachoonyesha 13.6, na kwa kuwa kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki hakiruhusu unyevu wa mahindi uzidi asilimia 13.5, mzigo unarudishwa kwenye turubai ukaanikwe upya.

Huko Kampala, kwenye karakana za Katwe na vyumba vya wanafunzi Wandegeya, kuna ubishi mwingine. Vijana wanaounda mizani, vipima maji vya tangi na vifaa vya kuchunga betri za sola wanaulizana: ninunue chipu ya biti 10, 12, 16 au 24? Wengi huishia kununua yenye biti nyingi kuliko zote, kisha wanashangaa kwa nini namba zinacheza ovyo.

Ubishi wa Busia na wa Wandegeya una chanzo kimoja. Ni kile kipande kidogo kinachogeuza umeme kuwa namba, pamoja na imani kwamba namba yenye tarakimu nyingi ni ya kweli zaidi. Imani hiyo inawagharimu watu pesa, na nataka tuifungue polepole.

Kigeuzi hufanya kazi gani

Uzito wa gunia, joto la maziwa, kina cha maji, ukali wa jua: vyote hupanda na kushuka bila kuruka hatua. Kihisi, ambacho wengine hukiita sensa, hubadilisha kitu kama hicho kuwa volti zinazopanda na kushuka vilevile. Hiyo ndiyo analojia. Kompyuta, hata ile ndogo kabisa iliyomo ndani ya mizani, haiwezi kufanya lolote na volti 3.4 zikija hivyohivyo. Inahitaji namba nzima, na hiyo ndiyo dijitali. Kinachokaa katikati ni kigeuzi cha analojia kwenda dijitali. Mafundi hukiita ADC. Mimi nitakiita kigeuzi.

Njia rahisi ya kuelewa kazi yake ni mizani ya zamani ya sokoni, ya sahani mbili na mawe. Chukua kigeuzi cha biti 10 kinachopima kuanzia sifuri hadi volti 5. Kina mawe kumi. La kwanza lina uzito wa nusu ya kipimo chote, yaani volti 2.5. La pili ni nusu ya hilo, 1.25. La tatu ni 0.625, na hivyohivyo, kila moja nusu ya lililotangulia, mpaka la kumi ambalo halifiki hata volti 0.005.

Sasa kihisi kinaleta volti 3.4. Jiwe la 2.5 linawekwa: halijazidi, linabaki. La 1.25 linaongezwa: jumla inafika 3.75, imezidi, linaondolewa. La 0.625: jumla ni 3.125, linabaki. La 0.3125: jumla inakuwa 3.4375, imezidi, linaondolewa. Inaendelea hivyo hadi jiwe la mwisho. Lililobaki huandikwa 1, lililoondolewa huandikwa 0, na mwishoni inapatikana 1010111000. Kwa hesabu ya kawaida hiyo ni 696. Programu inachukua 696, inagawa kwa 1024, inazidisha kwa 5, inapata 3.398. Arduino Uno, ile bodi ndogo ya kompyuta inayopendwa na wanaojifunza elektroniki, humaliza shughuli yote hiyo kwa takriban sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde.

Kila jiwe ni biti moja. Vigeuzi vinavyofanya kazi kwa mtindo huu vimeandikwa SAR kwenye karatasi za data, zile ambazo mtengenezaji hueleza humo sifa za chipu yake, na ndivyo vilivyomo ndani ya Arduino Uno, ndani ya ESP32, bodi nyingine ndogo yenye Wi-Fi, na ndani ya chipu za peke yake kama MCP3008. Kabla ya kununua, maswali ya maana ni yaleyale ambayo mama wa sokoni angekuuliza kuhusu mizani yake: jiwe dogo kuliko yote lina uzito gani, mawe yenyewe ni ya kweli, mkono unatetemeka kiasi gani, na mpimaji ana haraka gani. Duka hukujibu swali la kwanza tu, kwa herufi kubwa kwenye pakiti.

Jiwe dogo

Biti 8 hutoa hatua 256. Biti 10 hutoa 1,024, biti 12 hutoa 4,096, biti 16 hutoa 65,536, na biti 24 hutoa zaidi ya milioni 16.7. Gawa volti unazopima kwa hatua hizo, utajua hatua moja ina ukubwa gani. Kwa Uno yenye volti 5, hatua moja ni karibu milivolti 4.9.

Je, hiyo ni kubwa au ndogo? Inategemea kabisa kihisi chako, kwa hiyo tuchukue mizani yenyewe. Kihisi cha uzito ni kile kipande cha chuma au aluminiamu chenye nyaya nne. Kikikandamizwa kinapinda kidogo sana, na kupinda huko kunabadilisha volti. Vingi vimeandikwa milivolti 2 kwa kila volti. Maana yake ni kwamba ukikilisha volti 5, kwa mzigo wake wa juu kabisa kinatoa milivolti 10 tu. Ikiwa mzigo huo wa juu ni kilo 200, basi kilo moja inatoa mikrovolti 50.

Chomeka kihisi hicho moja kwa moja kwenye Uno. Hatua moja ya Uno ni milivolti 4.9, na milivolti 4.9 za kihisi hiki ni karibu kilo 98. Unaweka gunia zima la mahindi juu ya jukwaa na namba inasogea mara moja. Ndiyo maana kazi ya mizani haiwezi kufanywa na kigeuzi cha ndani ya Uno kikiwa peke yake, na hapa wanaodai biti zaidi wana haki.

Jaribu ADS1115, chipu ya biti 16 ya Texas Instruments. Ina kikuza cha ndani, yaani sehemu inayokuza volti ndogo kabla ya kuzipima, na ukiiweka kwenye kipimo chake chembamba kuliko vyote, volti 0.256 upande wa chanya na hasi, hatua moja inakuwa mikrovolti 7.8. Kwa kihisi chetu hiyo ni gramu 156. Kwa gunia la kilo 100 si mbaya hata kidogo. Kwa kahawa ya kuuzwa kwa gramu haifai.

Halafu kuna HX711, ile ya biti 24 inayopatikana karibu kila duka la vipuri vya kujifunzia. Ilitengenezwa kwa ajili ya mizani, na ina kikuza cha mara 128. Ukiigawa kwa karatasi tu, hatua yake moja ni nanovolti 2.4, ambayo kwa kihisi chetu ni sehemu ya ishirini ya gramu. Kijana anasoma hivyo na kutangaza kwamba mizani yake ya kilo 200 inapima mpaka sehemu ya ishirini ya gramu.

Haipimi. Karatasi ya data ya HX711 inataja kelele ya nanovolti 50 kwa kasi ya vipimo 10 kwa sekunde. Kelele hapa ni kule kuyumbayumba kwa umeme ndani ya chipu kusikoletwa na mzigo, ule mtetemo wa mkono wa mpimaji. Nanovolti 50 ni kipimo cha wastani. Toka chini kabisa hadi juu kabisa, kuyumba hufika mara sita au saba ya hapo. Kwa kihisi chetu hiyo ni karibu gramu 6 au 7. Hesabu upya: kati ya biti 24, mbili zimekwenda kwa nafasi ambayo kihisi hakiitumii, maana kinatoa milivolti 10 wakati chipu imetengewa 40. Nyingine saba zimemezwa na kelele. Zinabaki kama 15. Bado ni mizani nzuri sana kwa magunia, ila zile tarakimu za mwisho zinazorukaruka kwenye skrini hazina habari yoyote ya mahindi.

Hali hiyo imo kwenye kila chipu. Raspberry Pi Pico, bodi ndogo ya jamii ya Uno, ina kigeuzi cha biti 12, na karatasi ya data ya chipu yake, RP2040, yenyewe inasema biti zenye manufaa ni takriban 8.7. Neno la kutafuta kwenye karatasi ya data ni ENOB, hesabu ya biti zinazobaki baada ya kelele na makosa kutolewa. Ukilikuta, liamini kuliko namba ya kwenye pakiti.

Jiwe la kilo lililo pungufu

Hapa ndipo watu wengi hupotea, na ndipo ningependa msomaji akae zaidi.

Kigeuzi hakijui volti. Kinajua sehemu tu: kitu nilicholetewa ni sehemu gani ya kipimo changu kizima? Kipimo hicho kizima huitwa volti rejea. Uno huchukua umeme wake wenyewe kuwa rejea, na programu yako inadhani umeme huo ni volti 5 kamili. Lakini volti 5 za USB zinaruhusiwa kuwa popote kati ya 4.75 na 5.25, na chaja ya bei nafuu au waya mrefu mwembamba unaweza kuzishusha zaidi.

Tuseme unachunga betri ya sola ya volti 12, ya risasi na asidi, aina iliyo majumbani mwa wengi kutoka Arua hadi Kasese. Ikiwa imepumzika na imejaa, husoma karibu 12.7. Ikifika 12.0 karibu yote imetumika, na kuendelea kuinyonya ni kuifupishia maisha. Kati ya kujaa na kwisha kuna volti 0.7 tu.

Huwezi kupeleka volti 12 kwenye Uno, kwa hiyo unazigawa kwa tatu kwa rezista mbili, vile vipande vinavyozuia umeme, ya kiloomu 20 na ya kiloomu 10. Hatua moja sasa ni milivolti 14.6 za betri, na ndani ya zile volti 0.7 kuna hatua 48 hivi. Kwa kazi ya kujua betri iko robo, nusu au imejaa, hatua 48 zinatosha na kubaki. Biti 10 hazina kosa lolote hapa.

Lakini Uno yako leo inalishwa na chaja inayotoa 4.75. Betri iko 12.0, imekwisha. Programu inagawa na kuzidisha ikidhani rejea ni 5, na skrini inaonyesha 12.63. Mwenye nyumba anaona betri imejaa, anawasha televisheni mpaka usiku wa manane, na baada ya miezi kadhaa anamlaumu aliyemuuzia betri.

Sasa mwenzake anamshauri anunue chipu ya biti 16. Akinunua ambayo nayo inatumia umeme wa kuilisha kuwa rejea, skrini itaonyesha 12.6316. Kosa ni lilelile, limeongezewa tarakimu. Jiwe la kilo likiwa pungufu, kuongeza vijiwe vidogo hakumsaidii mnunuzi.

Dawa ni rejea isiyoyumba. Uno yenyewe ina rejea ya ndani ya volti 1.1. Kwa kila chipu inaweza kuwa popote kati ya 1.0 na 1.2, lakini ikishakuwa hapo ilipo haihangaiki sana, kwa hiyo unaipima mara moja kwa mita nzuri na kuandika namba hiyo kwenye programu. Kumbuka tu kwamba ukiitumia, mgawanyo wa rezista lazima ubadilike ili volti za betri zishuke chini ya 1. Njia nyingine ni chipu ndogo ya rejea kama LM4040, ambayo daraja lake la juu lina kosa lisilozidi asilimia 0.1. Na ADS1115 ina rejea yake ndani, haijali chaja yako. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuinunua, kuliko hata biti zake 16.

Kuna kazi ambazo tatizo hili hujimaliza lenyewe. Kitufe cha kuzungusha cha sauti, au kihisi cha uzito, hutoa volti zinazotegemea umeme uliokilisha. Umeme huohuo ukiwa ndio rejea ya kigeuzi, ukishuka vinashuka pamoja na ile sehemu inabaki ileile. HX711 hutumika kwa mpangilio huo. Kwa hiyo ukiona mtu anatafuta rejea ya gharama kwa ajili ya mizani, mwambie asihangaike.

Mizani ina kosa lake lingine ambalo hakuna chipu inayolitibu, na huenda ndilo linaloleta baadhi ya malumbano ya maghalani. Kihisi cha uzito hupima nguvu ya mvutano wa dunia, na mvutano huo haulingani kila mahali. Karibu na Ikweta, ile inayokatiza barabara ya Masaka pale Kayabwe, ni mdogo kuliko Ulaya, na mwinuko wa Kampala wa takriban mita 1,200 unaupunguza kidogo zaidi. Mizani iliyorekebishwa London ikaletwa Kampala bila kuguswa itasoma pungufu kwa karibu gramu 350 kwenye kila gunia la kilo 100. Mizani ya mawe haina tatizo hilo, kwa sababu mvutano unapunguza pande zote mbili sawasawa. Ndiyo maana mizani ya kidijitali lazima irekebishwe hapa kwa mawe yaliyothibitishwa, na ndiyo maana ya biashara hukaguliwa na Shirika la Viwango la Uganda, UNBS. Mkulima akiuliza ilikaguliwa lini, ameuliza swali la maana kuliko karani anayesema mashine haidanganyi.

Kipima unyevu nacho kisomwe hivyo. Kama kifaa kina kosa la nusu asilimia juu au chini, basi 13.6 na 13.4 kwake ni kitu kimoja, hata kikionyesha desimali tatu. Pima mara kadhaa, kutoka sehemu mbalimbali za gunia, ndipo uamue.

Haraka ya mpimaji

Kasi husemwa kwa vipimo kwa sekunde. Tangi la maji halijai kwa sekunde moja, kwa hiyo kipimo kimoja kwa dakika kinatosha. Betri ya sola, kimoja kwa sekunde ni kingi. Huko kasi usiilipie.

Umeme wa ukutani ni habari nyingine. Uganda hutumia volti 240 zinazobadilika mara 50 kwa sekunde, na kila wimbi huchukua milisekunde 20. Ukitaka kujua nyumba inatumia umeme kiasi gani kwa kibanio cha kupimia mkondo, kile kinachobanwa kuzunguka waya, lazima ulione umbo la wimbi lenyewe. Kanuni inasema vipimo viwe angalau mara mbili ya masafa ya juu kabisa unayoyatafuta, ila hiyo ni chini kabisa. Kwa kazi halisi chukua mara kumi au zaidi. Uno, kwa vipimo vyake karibu 9,600 kwa sekunde, hupata takriban 190 kwa kila wimbi. ADS1115, yenye 860, hupata 17. HX711, yenye 10 au 80 kwa sekunde, haina la kufanya hapo, na biti zake 24 hazimsaidii mtu. Ukipima mara 50 kamili kwa sekunde utalikuta wimbi mahali palepale kila mara, na skrini itachora mstari ulionyooka ambao haupo.

Tafadhali, kwa kazi hii tumia kibanio kinachozunguka nje ya waya. Usiunganishe nyaya za ukutani na kigeuzi chochote.

Polepole nako kuna faida yake. HX711 na ADS1115 hazifanyi kazi kwa mtindo wa mawe. Ni za aina iitwayo delta-sigma: huchukua vipimo vingi mno, kila kimoja cha kukadiria tu, kisha huvichuja pamoja kuwa namba moja. HX711 ikipima mara 10 kwa sekunde, kila kipimo hudumu milisekunde 100, yaani mawimbi matano kamili ya umeme wa ukutani. Kupanda na kushuka kwa mawimbi hayo hufutana, na ule mvumo wa umeme unaopenya kwenye nyaya za kihisi unatoweka. Anayeiharakisha hadi 80 ili namba zibadilike upesi anaitupa faida hiyo.

Unaweza kufanya kitu cha aina hiyo kwenye Uno pia kwa kupiga wastani. Wastani wa vipimo 16 hupunguza kelele hadi robo. Haurekebishi rejea mbovu, kwa sababu kosa la rejea linarudi lilelile kila mara.

Mlangoni mwa chipu

Mlango ni pale waya wa kihisi unapoingia kwenye chipu, na chipu moja inaweza kuwa na kadhaa. Kila kigeuzi kina kikomo cha volti zinazoingia, kwa kawaida kisichozidi umeme wake wenyewe kwa zaidi ya sehemu chache za volti. ADS1115 inaweza kupangwa kwenye kipimo cha volti 6.144, na wengi hudhani wanaweza kuipa volti 6. Ikilishwa 3.3, mlango wake unaishia hapohapo karibu na 3.3.

Jambo la pili ni rezista za kugawa. Wengine, kwa kuogopa kumaliza betri, huweka kubwa sana, kiloomu 200 na 100. Kigeuzi cha SAR kina kapasita ndogo ndani, kama kitangi cha umeme, ambayo lazima ijae kwa muda mfupi kabla ya kupima, na rezista kubwa huichelewesha. Matokeo ni namba iliyochanganyika na ya mlango uliopimwa kabla. Watengenezaji wa chipu ya Uno wanashauri chanzo kisizidi kiloomu 10. Zile rezista za 20 na 10 zinatimiza hilo na hunyonya miliampea 0.4 tu kutoka kwenye betri. Ukilazimika kutumia kubwa, weka kapasita ya nanofaradi 100 kutoka mlangoni hadi kwenye hasi.

Basi ninunue ipi?

Anza na kilichomo tayari. Kwa betri, udongo wa bustani, joto la nyumba ya kuku, kigeuzi cha ndani ya Uno kinatosha ukikipa rejea nzuri. Hata tangi: kihisi cha mgandamizo cha mita 2 kinachotoa volti 0.5 hadi 4.5 kitakupa hatua moja kwa kila milimita 2.4 za maji, na maji yakimiminika tu kutoka kwenye bomba uso wake unayumba kuliko hapo.

Mwenye Raspberry Pi ya kawaida, ile kompyuta kamili ya bodi moja, ajue kwamba haina kigeuzi hata kimoja. Wengi hugundua hilo wakiwa wameshanunua vihisi. Akitaka milango mingi kwa bei ndogo, MCP3008 ina minane ya biti 10, na nduguye MCP3208 ina minane ya biti 12.

ESP32 hupendwa kwa sababu ya Wi-Fi, na biti zake 12 humfanya mtu adhani imeipita Uno. Kwa kigeuzi, sikubali. Namba zake hupinda karibu na sifuri na karibu na kikomo cha juu, na zaidi ya nusu ya milango yake, ile ya kundi la ADC2, haitumiki Wi-Fi ikiwa kazini. ESP32 ikiunganishwa na ADS1115 kwa nyaya mbili za I2C, njia ambayo chipu huzungumza na bodi, ni jozi ninayoipendekeza kwa kazi nyingi za polepole. ADS1115 ina anwani nne za kuchagua, kwa hiyo chipu nne zinaweza kukaa kwenye nyaya hizohizo mbili na kukupa milango 16.

Kwa mizani, HX711. Kwa sauti usitumie yoyote kati ya hizi. Sikio husikia hadi karibu mitetemo 20,000 kwa sekunde, na ndiyo maana CD ilipangiwa vipimo 44,100 vya biti 16. Kuna vigeuzi vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo tu.

Ukishaipata chipu, usiiamini kabla ya kuipima mara mbili. Kwanza unganisha mlango wake na hasi, soma mara mia, uangalie namba zimetawanyika kiasi gani: hapo unaanza kuiona kelele yako. Kisha ipe volti unayoijua, kama ya betri ndogo uliyoipima kwa mita, na ulinganishe: tofauti utakayoiona ni kosa la rejea na la rezista. Mtawanyiko ukipungua unapochomoa chaja ya simu iliyo karibu, tatizo liko kwenye umeme na nyaya. Sogeza nyaya za kihisi mbali na za ukutani, zisokote pamoja, weka kapasita ya nanofaradi 100 kwenye miguu ya umeme ya chipu, na upime tena kabla ya kurudi dukani.